Mfuko wa Buluu Barazani kwa Mwalimu

Karatasi ya kwanza ilitua miguuni mwa Bi Mwanakhamis, na hapo ndipo kalamu yetu ilipokomea Jumapili iliyopita. Ilikuwa ukurasa wa juzuu Amma, wa manjano, pembe zake zimelika kwa vidole vya watoto.

Ya pili iliangukia mtaroni. Ya tatu ilipeperuka mpaka mlangoni pa msikiti.

Kwa msomaji aliyetukuta njiani, jambo ni hili. Asubuhi ya Ijumaa gari la kampuni ya taka lilikuwa likitoka mtaa wa Mtondooni, hapa Konde. Mfuko mmoja wa buluu, katika ile mifuko ambayo kampuni huigawa nyumba kwa nyumba, ulinasa kwenye chuma cha ubavuni ukachanika. Hayakumwagika maganda ya muhogo wala matumbo ya samaki. Zilimwagika kurasa za Qurani.

Mtaa mzima ulikuwa barabarani kabla dereva hajakanyaga breki.

"Shuka," mtu mmoja alisema.

Dereva alishuka. Wapakiaji wake walikwisha kukimbia. Alibaki peke yake, kijana mwembamba aitwaye Hafidh, mume wa Asma, binti pekee wa Bi Mwanakhamis.

"Umebeba nini humo, Hafidh?"

"Taka. Miye kazi yangu usukani, yakhe. Mifuko siifungui."

"Basi leo umebeba maneno ya Mungu na vichwa vya changu ndani ya gari moja."

Hafidh alitazama chini. Alipoiona ile karatasi mtaroni, uso wake ulibadilika. Alipiga magoti aiokote, akasukumwa kwa nyuma, akaangukia mikono.

"Usiiguse na mikono hiyo. Inanuka."

Wazee waliotoka msikitini walianza kuziokota, moja moja, wakizifuta kwa mikono ya kanzu zao. Imamu alitandika kilemba chake chini, zikawekwa juu yake. Mzee mmoja alikuwa akilia, na hakujificha.

Bi Mwanakhamis alisimama pale pale.

Nusu ya watu waliokuwa barabarani walisomea alifu kwake. Na kila mwaka ni yeye aliyezikusanya juzuu zilizochakaa katika chuo chake cha Qurani, akazifunga furushi kwa shuka nyeupe, zikaenda kuzikwa kando ya makaburi mahali ambapo mguu wa mtu haupiti. Safari hii mvua ilinyesha Alkhamisi kutwa, na paa la chuo linavuja. Akaogopa furushi lisirowe. Akalitia ndani ya mfuko wa buluu, mpya, msafi, akaufunga. Alfajiri akauweka barazani, kwa mkono wake wa kulia na kwa bismillahi, ili Mzee Pandu wa gari la ng'ombe apite kuuchukua kama anavyofanya miaka yote.

Alisahau kwamba siku hizi kilicho barazani ndani ya mfuko wa buluu ni mali ya kampuni.

Na mtaa, msomaji wangu, ulikuwa na hasira yake tangu zamani. Kabla ya kampuni, taka za Mtondooni zilikuwa na mwenyewe. Maganda yalikwenda kwa mbuzi, majivu yakaenda kwenye migomba, na kilichobaki Mzee Pandu alikizoa kwa gari lake la ng'ombe, akiingia mpaka vichochoroni. Kisha kampuni ikapewa mji. Gari lao kubwa haliingii vichochoroni, kwa hiyo akina bibi wa huko wanabeba mifuko kichwani mpaka barabara kuu. Mwenye jaa lake nyuma ya nyumba anaambiwa ana kosa. Asiye na taka analipa sawasawa na mwenye hoteli. Na wakiuliza nani aliyekubali haya, jina ni moja tu: Sheha Kificho, aliyetia saini bila ya kumwita mtu kikaoni. Tangu siku hiyo hapiti dukani asisemwe.

Ndiye huyo sasa aliyekuja, kofia imekaa sawa, simu mkononi.

"Polisi nishawapigia," alisema. "Dereva asiondoke, na gari lisiondoke. Na nawaambieni mbele ya msikiti huu, kampuni iliyoidharau dini yetu haina nafasi Mtondooni. Leo hii naandika barua mkataba uvunjwe."

Watu waliitikia kwa sauti moja. Wengine walimshika mkono. Hakuna aliyewahi kumwona Sheha na nguvu kama zile tangu kampuni iingie mjini.

Bi Mwanakhamis alifungua mdomo. Mtu alimvuta buibui kwa nyuma.

"Nyamaza, mwalimu."

Alikuwa Mzee Pandu. Alimwingiza uchochoroni, penye kivuli cha ukuta, akatazama huku na huku.

"Pandu, lile furushi langu."

"Najua lako."

"Nilipotoka nisilikute barazani, nikajua umelichukua weye. Nikashukuru. Nikakaa nikasomesha watoto moyo wangu umetulia."

"Nilikuja," Pandu alisema. "Nililiona. Nikaliacha."

Bi Mwanakhamis alishika ukuta.

"Uliliacha?"

"Gari lao lilikuwa pale konani. Nilijua watalibeba. Nikasema, litaonekana huko jaani kwao, watu watauliza, kampuni itaondoka. Mungu anisamehe, sikudhani litachanika mlangoni pa msikiti."

"Pandu, weye. Miaka yote hiyo unazibeba kurasa zile hukubali hata kukaa garini, unatembea kwa miguu pembeni mwa ng'ombe kwa adabu."

"Na ng'ombe mwenyewe sasa anafanya nini?" mzee aliuliza. "Amefungwa kutwa, hana kazi, na miye nimefungwa naye. Nimeuzoa mtaa huu tangu nina meno yote. Wamekuja watu wenye makoti ya kung'aa, wakanambia kaa pembeni mzee. Sikuulizwa. Nyiye hamkuulizwa. Leo wanakwenda zao, mwalimu. Kesho majivu yanarudi kwenye migomba. Weye unabaki mwalimu, hakuna anayejua kitu. Nani ameumia?"

"Hafidh."

"Hafidh atahojiwa, atatoka."

"Ametoka nani haraka kwa neno kama hili? Asma ananyonyesha, Pandu."

Huko barabarani watu walikuwa wakimwimbia Hafidh maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Tusimhukumu haraka Bi Mwanakhamis kwa kusimama pale kidogo. Kila alichokiombea mtaa wake kilikuwa mbele yake, tayari. Akae kimya tu. Kampuni iondoke, wazee wapumzishwe kubeba mifuko, Pandu apate riziki. Mola atulinde na mizani ya namna hii, maana upande wa pili wa mizani alikaa kijana mmoja tu, aliyeendesha gari alilopewa aliendeshe.

Alisema kimoyomoyo, "Ya Rabbi, usinipe nafasi ya kufikiri zaidi." Kisha akatoka uchochoroni.

"Furushi ni langu," alisema.

Hawakumsikia. Akalirudia kwa ile sauti anayoitumia chuoni, na barabara nzima ikanyamaza, kwa mazoea.

"Furushi ni langu. Nimelitia mfukoni miye mwenyewe lisiingie mvua. Nimeliweka barazani miye mwenyewe. Hafidh hana kosa. Kampuni haina kosa kwa hili, ingawa kwa mengine inayo. Mwenye kosa ni miye."

Akahisi pumzi zinamrudi. Amesema, na mbingu haijaanguka.

Kisha akacheka mtu. Alikuwa Mwanapili, jirani yake wa ukuta mmoja.

"Mkwe na mkwewe," alisema. "Mwalimu, hata ningekuwa miye ningesema hivyo hivyo."

"Nasema kweli, Mwanapili."

"Ulitupiga bakora tusiseme uongo. Leo bakora nimpe nani?"

Watu walicheka, lakini kicheko kibaya, kisicho na raha. Sheha Kificho alimsogelea, akamwinamia kwa heshima.

"Bi Mwalimu, uchungu wa mzazi tunaujua. Nenda ndani upumzike."

"Si uchungu. Kila ntu hapa anajua miye ndiye ninayezika kurasa kila mwaka."

"Ndiyo. Unazizika kwa shuka, tukiona." Sheha alipandisha sauti ili wote wasikie. "Mwanachuoni kama weye utie Qurani ndani ya mfuko wa taka? Hilo si la kuaminika. Na kama ni kweli, mwalimu, basi ni baya kuliko la kampuni."

Neno hilo liliwaingia watu polepole. Bi Mwanakhamis aliliona likiingia, uso baada ya uso. Mama mmoja alimshika bintiye mkono, akamwondoa mlangoni pa chuo.

"Kama ni kweli, huyu harudi tena kusoma hapa," mama yule alisema. "Na kama si kweli, harudi vile vile."

Mlango wa nyuma umefungwa, na wa mbele pia. Akisema hasadikiwi, na akisadikiwa anapoteza chuo alichokijenga kwa maisha yake yote.

Landrova ya polisi ilifika wakati huo. Askari wawili walishuka, wakasikiliza maneno mawili matatu ya Sheha, wakamshika Hafidh mikono. Hakupinga. Alipopitishwa mbele ya mama mkwe wake, alisimama.

"Mama, niache," alisema kwa sauti ya chini. "Usijichafue kwa ajili yangu. Mwambie Asma nitarudi."

"Hafidh, nimesema kweli, mwanangu. Kweli tupu."

Hafidh alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Najua, Mama. Mungu akulipe."

Hata yeye hakumwamini.

Hapo, msomaji, Bi Mwanakhamis alijishika kwenye mlango wa Landrova. Alifikiri kwamba mtu akisema kweli Mungu humsimamia pale pale, na sasa ameisema na amesimama peke yake. Midomo yake ilikuwa ikitaja jina la Mola bila ya sauti. Kisha akageuka, akamtafuta Pandu kwa macho, akamwona amejibanza nyuma ya watu, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi.

"Kuna ntu aliyeliona furushi barazani kwangu," alisema. "Mzee Pandu. Nataka msahafu uletwe chuoni. Naapa miye, na yeye aape. Tukishaapa, mfanye mnachotaka."

Watu wakageuka kumtazama Pandu.

"Hapana haja ya viapo," Sheha alisema haraka. "Mambo haya yako mikononi mwa polisi."

"Haja ipo." Aliyesema ni Imamu, kilemba chenye kurasa amekikumbatia kifuani. "Bi Mwanakhamis ameomba haki yake. Yamini haikatazwi kwa Muislamu anayeitaka."

"Tutachelewa."

"Sala ya Ijumaa haijaingia bado, Sheha. Tutachelewa wapi?"

Askari mkubwa alitazama saa yake. "Fanyeni, lakini upesi. Dereva atakaa garini. Nikiitwa kituoni, naondoka."

"Basi aape mwalimu peke yake," Sheha alisema. "Pandu mzee, tumwonee huruma."

"Na Pandu," watu wakasema. "Na Pandu naye."

Nje ya chuo pana ndoo ya udhu na kopo lake. Bi Mwanakhamis alikuwa na udhu wake, lakini alitawadha tena. Pandu alichuchumaa karibu yake, akateka maji, akayatazama ndani ya kopo. Hayakufika mikononi.

"Mwalimu, niokoe," alisema. "Sema umekosea."

"Nimekosea, Pandu. Nimekosea tangu alfajiri. Ndiyo maana nataka niache kukosea."

"Nikiapa kweli, mtaa mzima utajua nimeliacha neno la Mungu lizolewe pamoja na taka. Nani atanizika miye? Nikiapa uongo..." Maji yalimtiririka vidoleni. "Na kampuni itabaki. Umelifikiri hilo? Watabaki, na kila walilotufanyia litasahaulika, kwa sababu la leo hawakulifanya wao."

"Nimelifikiri."

"Na?"

"La kampuni tutalidai kwa mdomo wetu, Pandu, mchana, kikaoni, hata kama itachukua umri. Kwa kisingizio cha Qurani siliwezi."

Pandu alicheka kidogo, pumzi tu. "Weye mwepesi wa moyo. Hujui yote."

"Nini nisichokijua?"

Pandu aliteka maji mengine. Alitawadha. Alitawadha kwa makini, kiungo kwa kiungo, mara tatu tatu, kama mtoto anayetazamwa na mwalimu wake. Akasimama, akaingia.

Chuo kilikuwa kimejaa mpaka madirishani. Mkeka ulikuwa bado na unyevu wa mvua ya jana. Msahafu uliwekwa juu ya marfaa, kile kibao cha kusomea, na kwa kuwa ndiye mkubwa wa mtaa, Sheha Kificho alikaa mbele yake kusimamia yamini. Imamu alikaa upande. Bi Mwanakhamis alibaki karibu na mlango, penye nafasi, akiona Landrova kwa jicho moja na Pandu kwa jicho la pili.

Sheha alimtaka Pandu kwanza.

"Sema unachokijua tu, Mzee Pandu," alisema, "na usiseme usichoulizwa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Uliliona furushi la mwalimu, au hukuliona?"

Pandu aliweka mkono juu ya msahafu. Mkono ulikuwa na sugu za hatamu. Mtoto aliyekuwa akikohoa dirishani aliwekewa kiganja mdomoni.

"Wallahi, wabillahi, watallahi," Pandu alisema. "Nililiona. Lilikuwa barazani kwa mwalimu, mfukoni. Nilijua ndani mna nini, kwa sababu aliniambia Alkhamisi. Mwalimu amesema kweli."

Bi Mwanakhamis alifumba macho. Machozi yalitoka kabla hajayajua. Nyuma yake alisikia Mwanapili akisema, "Yarabi, na miye niliyemcheka."

"Inatosha," Sheha alisema. Alikwisha kuukunja mkono wa kanzu. "Tumesikia. Mwalimu alikosea, mzee alichelewa kulichukua, basi. Funga."

"Sikuchelewa," Pandu alisema.

"Nimesema inatosha."

"Mkono wangu ungali juu ya msahafu, Sheha. Siwezi kuuondoa nusu." Mzee alivuta pumzi. "Sikuchelewa. Nilifika kabla ya gari lao kutoka konani. Niliinama kulibeba. Nilikwisha kulishika."

"Halafu?" Imamu aliuliza.

Pandu hakumtazama Imamu. Alimtazama mtu aliyekaa mbele yake, upande wa pili wa marfaa.

"Halafu Sheha, aliyekuwa anatoka kusali alfajiri, akanishika mkono. Akanambia, liache, Pandu, walibebe wao. Kampuni ikiondoka, watu wataniacha nipumue."

Wale wa madirishani waliwageukia wa nyuma yao, neno likaanza kutoka nje, kinywa kwa kinywa, mpaka barabarani.

Imamu alikiweka kilemba chenye kurasa juu ya mkeka.

"Sheha," alisema taratibu, "maji yangalimo ndooni. Zamu yako."

Sheha Kificho aliinuka. Hakutazama ndoo. Aliutazama mlango, na huko nje Landrova yenye Hafidh ndani, na askari aliyekuwa bado hajasikia neno. Alianza kwenda, kwa hatua za mtu mwenye haraka ya kuwahi kusema yeye wa kwanza.

Mlangoni alikuwako Bi Mwanakhamis.

Simu ya askari mkubwa ililia. Aliisikiliza, akasema, "Ndiyo, afande," akapanda garini. Injini ikawaka. Hafidh alikuwa amekaa nyuma, kichwa chini.

Angekimbia, angeliwahi gari. Angekimbia, mlango ungebaki wazi, na Sheha angelifikia kabla yake.

Landrova ilianza kusogea. Bi Mwanakhamis alisikia magurudumu yakikanyaga changarawe, akajua kwa masikio tu kwamba mkwewe anakwenda. Hakugeuka. Alinyoosha mikono miwili, mmoja kwenye mwimo huu wa mlango na mmoja kwenye ule, kifua mbele ya kifua cha Sheha.

"Tia udhu kwanza, Sheha," alisema. "Utapita ukishaapa."